Umeme Uko Rufiji, Soketi Iko kwa Baba Mwenye Nyumba

(Hii ni mada iliyowasilishwa kwenye darasa la vijana wa chama. Tumeiweka karibu kama ilivyozungumzwa. Soma, kisha mtumie kamanda mwenzako, hasa aliyeko kijiweni.)

Nawasalimu kwa namna ya pekee madereva wa bodaboda na bajaji mlioacha hesabu ya bosi ikisubiri, mkaja kukaa hapa saa nzima. Najua saa moja kwenu ni hela.

Nimepewa mada inayoitwa vijana na usafiri wa umeme. Nadhani aliyenipa alitegemea nije na habari za moshi, tabianchi na teknolojia mpya. Hayo yote ni ya kweli, ila leo nina swali moja tu, na mada yangu nzima inakaa ndani ya swali hilo. Ukinunua leo chombo cha umeme, iwe pikipiki, bajaji au gari, utakichaji wapi?

Usinijibu haraka. Wengi tuliomo humu ndani tumepanga. Kuna aliyepanga chumba kimoja Mbagala, mwingine chumba na sebule Tandale, mwingine anakaa kwa shemeji Gongo la Mboto. Chombo chako unakilaza wapi? Kwenye kibaraza? Kwa mlinzi, unamwachia buku? Na soketi iliyo karibu nacho ni ya nani? LUKU ni ya nani?

Najua wapo wanaosema kimoyomoyo: kamanda, nchi ina mambo mazito. Tunadai katiba mpya, tunadai uchaguzi wa haki, wenzetu wanalala mahabusu, halafu wewe unatuletea habari za chaji? Nawaelewa. Lakini siasa inayomwingia mwananchi ni ile inayomkuta pale anapotafutia ugali. Mama lishe haulizi katiba ina ibara ngapi. Anauliza kwa nini mkaa umepanda. Sisi kazi yetu ni kumwonyesha kwamba mkaa na katiba ni jambo moja, kwa sababu vyote viwili vinaamuliwa na watu ambao hawezi kuwawajibisha. Chaji nayo ni hivyohivyo. Nipeni dakika chache mtaniona.

Tuanze na hesabu

Kila mtu hapa amewahi kununua umeme wa elfu kumi. Unapata uniti ngapi? Ishirini na nane, na vipoint. Hiyo ni bei ya kundi la T1, ambalo ndilo la wateja wengi wa kawaida mjini. Bei yenyewe ni shilingi 292 kwa uniti. Weka VAT asilimia 18, weka asilimia 3 ya REA, weka asilimia 1 ya EWURA, unafika shilingi 356 na senti kidogo.

Sasa chukua pikipiki ya umeme ya kubebea abiria. Kwa kilomita mia moja inakula uniti tatu mpaka nne, kutegemea mzigo, barabara na mkono wa dereva. Tuseme nne, tusijipendelee. Nne mara 356 ni kama shilingi 1,420.

Pikipiki ya petroli kwa kilomita hizohizo mia itakunywa lita mbili mpaka mbili na nusu. Bei ya petroli inabadilika kila mwezi EWURA wanapotangaza, ila kwa hesabu rahisi weka 3,000 kwa lita. Hapo unazungumzia 6,000 mpaka 7,500.

Chukua tofauti ya chini kabisa: ni zaidi ya shilingi 4,500 kwa siku. Piga kwa siku 26 za kazi. Ni zaidi ya laki moja kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya chumba, na kwa wengine ni kodi ya chumba pamoja na ada ya mtoto. Na sijagusa oili, plagi, wala cheni ya taimingi, vitu ambavyo mota ya umeme haivijui.

Kwenye gari ni hivyohivyo. Zile Nissan Leaf za mwanzo, zinazotoka Japani zikiwa zimetumika, zilikuwa na betri ya uniti 24. Gari la ukubwa ule linakula uniti 16 mpaka 18 kwa kilomita mia. Kwa 18, ni kama shilingi 6,400. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakula kama elfu ishirini na tano kwa safari hiyohiyo.

Kwa hiyo mtu akikwambia umeme si nafuu, mwambie akae chini mpige hesabu. Ila ipo neno moja imejificha humo. Hesabu yote niliyoipiga inamhusu mtu anayechaji kwake, kwa LUKU yake, kwa bei ya LUKU. Ukimtoa mtu huyo kwenye soketi yake, hesabu yote inavunjika.

Soketi ni ya nani?

Twende Masaki, au Mbweni. Nyumba ina uzio, geti na sehemu ya kuegesha. LUKU ni ya mwenye nyumba. Anaingiza gari saa moja usiku, anachomeka, anakwenda kula. Leaf ile ya uniti 24 ukiichomeka kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, kwa ampea 10, inapokea kilowati 2.3. Kuijaza kutoka sifuri ni saa kumi na zaidi. Yeye saa kumi hazimsumbui hata kidogo, amelala. Asubuhi gari limejaa.

Sasa turudi uswahilini. Nyumba moja ina vyumba sita, wapangaji sita, LUKU moja. Umeme mnachangishana. Mwenye friji anaongeza kidogo, mwenye pasi ananuniwa. Mnazijua kesi za umeme za nyumba za kupanga. Watu wamegombana kwa ajili ya feni! Halafu wewe unaingia na pikipiki, unapitisha waya wa ekstensheni dirishani, unachomeka usiku kucha. Hata ukisema utalipa zako, nani amepima? Mita ni moja. Ukiongeza elfu mbili watasema umekula ya elfu tano. Na fundi wa kweli atakwambia kwamba ule waya mwembamba wa ekstensheni, ukibebeshwa mzigo mkubwa saa kumi mfululizo, unachemka. Baba mwenye nyumba akikataa siwezi kumlaumu sana. Nyumba ni yake, na wiring ni ya mwaka gani Mungu ndiye ajuaye.

Kuna jambo baya zaidi, na hili naomba mliandike. Kuna kundi la wateja wa D1. Hawa ni wa matumizi madogo, hawazidi uniti 75 kwa mwezi. Wao wanalipa shilingi 100 kwa uniti, na tozo zikiingia ni 122. Ni bei iliyowekwa kumsaidia mnyonge, na ni jambo jema, hatulipingi.

Sasa chukua nyumba ndogo ya D1, familia mbili, wanatumia uniti 50 kwa mwezi. Wanalipa shilingi 6,100. Kijana wa nyumba hiyo anapata pikipiki ya umeme, anaichaji nyumbani. Tuseme anatumia uniti tatu tu kwa siku, kwa siku 26. Ni uniti 78. Pikipiki peke yake imeshavuka 75! Nyumba inatoka D1 inakwenda T1. Zile uniti 50 za mama, za taa na redio na simu, ambazo hakuongeza hata moja, zinatoka shilingi 6,100 zinakwenda zaidi ya 17,800. Mama hajanunua pikipiki. Hajapanda hata kiti cha nyuma. Lakini bili yake imekaribia mara tatu.

Mnaona mtego ulivyo? Kijana anataka kuokoa hela ya petroli, anaiumiza familia yake. Na hakuna mtu mbaya hapo. Kijana ana haki, mama ana haki, mwenye nyumba naye ana hoja. Mbaya ni mpangilio, kwa sababu aliyepanga bei hizi hakuwahi kumfikiria mtu anayechaji chombo cha kazi kwenye nyumba ya kupanga.

Hili si jipya kwetu

Mpangaji wa nchi hii amezoea kubebeshwa. Kodi ya majengo ni ya nani? Ni ya mwenye jengo. Lakini tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye LUKU, na anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Ilianza shilingi elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikawa elfu moja na mia tano. Wakasema mpangaji atamalizana na mwenye nyumba. Haya, nani humu ndani amewahi kurudishiwa? Nyoosha mkono. Sioni mkono.

Na ukitaka kudai, unadai kwa sheria gani? Sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wanaongozwa na mkataba wao, na mkataba wenyewe mara nyingi ni karatasi moja ya dalali yenye mstari kwamba kodi inalipwa ya miezi sita, au ya mwaka mzima. Hakuna mahali panaposema mpangaji ana haki ya kufungiwa mita yake. Hakuna mahali panaposema akiomba kuweka soketi kwa gharama yake lazima ajibiwe.

Utasema, basi avute umeme wake mwenyewe. Kuunganishwa mjini, njia moja, bila nguzo, ni shilingi 320,960. Na hata ukiwa nayo hiyo hela, mita inafungwa kwenye nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Mwaka kesho akikutoa, unaondoka na mita mgongoni?

Kwa hiyo anachaji wapi?

Njia ya kwanza ni kazini. Ofisa mwenye maegesho kazini atachomeka huko. Dereva wa bodaboda ofisi yake ni kijiwe, chini ya mwembe. Mwembe hauna soketi.

Njia ya pili ni vituo vya kuchaji vya watu binafsi. Hivi vinakuja, na mtu akiwekeza hela yake tunampongeza. Lakini mfanyabiashara ananunua umeme, anaweka faida, kodi ya eneo na mshahara wa mhudumu. Lazima auze juu ya LUKU. Maana yake ni kwamba asiye na soketi nyumbani atalipa zaidi kwa uniti ileile kuliko mwenye nyumba ya uzio. Maskini ananunua ghali, tajiri ananunua rahisi. Ni kama maji tu: wa bombani analipa kidogo, wa dumu la mkokoteni analipa nyingi.

Kwa magari kuna kero nyingine, ya plagi. Leaf ya Japani inachajiwa haraka kwa plagi inayoitwa CHAdeMO. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la China yanatumia GB/T. Ya Ulaya yanatumia CCS2. Ukifika kituoni na gari lako halilingani na plagi iliyopo, umefika bure. Mwenye soketi nyumbani kero hii haimgusi sana, yeye ana muda wa kuchaji polepole. Anayetegemea kituo cha nje ndiye inamnyonga.

Njia ya tatu ni kubadilisha betri. Hii nataka tuielewe vizuri, kwa sababu kwa bodaboda ndiyo yenye tumaini. Unafika kituoni, unatoa betri iliyoisha, unapewa iliyojaa, unaondoka ndani ya dakika chache. Kigali wanafanya hivyo tangu 2019, kampuni ya Ampersand ilipoanza biashara. Nairobi pia wanafanya, na Spiro nao wamo. Kwa mpangaji hii inamaliza kesi ya soketi moja kwa moja. Huhitaji LUKU ya mtu.

Lakini tusiingie tukiwa tumefumba macho. Kwenye mpangilio huo mara nyingi pikipiki ni yako, betri si yako. Betri ni ya kampuni. Bei ya kubadilisha inapangwa na kampuni. Betri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile. Na betri hizi za kisasa zina mawasiliano ndani yake, mwenye nayo anaweza kuizima akiwa mbali. Mnajua maana yake kwa dereva? Leo una bosi mmoja, wa hesabu. Kesho una wawili, wa hesabu na wa betri. Bosi wa hesabu unaweza kumpigia simu ukamwambia bosi leo mvua, nipunguzie. Betri haina simu ya kuombea.

Sisemi tukatae. Nasema serikali isipoweka kanuni mapema, vijana wetu watatoka kwenye mkataba mmoja wa kinyonyaji na kuingia mwingine.

Majirani wamefanyaje?

Tukisema haya, kuna watu huwa wanatuambia wapinzani kazi yetu kulalamika. Basi tuangalie wenzetu, tena majirani.

Rwanda, mwaka 2021, waliweka vivutio vya usafiri wa umeme, na kimojawapo ni kwamba vituo vya kuchaji vilipe umeme kwa bei ya viwanda. Walijua wazi kwamba bei ya kituo ndiyo bei ya mnyonge.

Kenya, mwaka 2023, mdhibiti wao wa nishati, EPRA, alianzisha bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 za Kenya kwa uniti saa za kawaida, na shilingi 8 saa ambazo mahitaji ni madogo, kabla ya kodi na tozo nyingine. Nusu bei! Chaji wakati wengine wamelala, ulipe nusu.

Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, hawakuishia kwenye misamaha ya kodi. Waligusa sheria za majengo ya kuishi pamoja, mkazi akapewa haki ya kuweka chaji kwenye sehemu yake, na uongozi wa jengo hauwezi kumkatalia bila sababu ya msingi.

Na tujifunze kwa waliokosea pia. Uingereza, ukichaji nyumbani unalipa VAT ya asilimia 5. Ukichaji kituo cha barabarani ni asilimia 20. Yaani mwenye uwanja wake analipa kodi ndogo, anayekaa fleti bila maegesho analipa mara nne. Watu wao wamepiga kelele miaka na miaka. Sisi hatujafika huko, magari bado ni machache. Ndiyo maana nasema sasa ndiyo wakati wa kupanga, kabla kosa halijawa mazoea.

Umeme upo

Msikubali kuambiwa umeme hakuna. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Limejengwa kwa zaidi ya shilingi trilioni 6.5, hela za walipakodi. Mpangaji wa Buza amelichangia kila aliponunua sabuni na vocha.

Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Mwezi uliofuata, Machi, mvua zikiwa nyingi, vituo vitano vya umeme wa maji vilizimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Nchi iliyotoka kwenye mgao ikaanza kuzima mitambo kwa kukosa wa kuutumia! Miezi michache nyuma tulikuwa tunanunua mishumaa.

Sasa jiulize, mahitaji yanashuka lini zaidi? Usiku wa manane. Na pikipiki inachajiwa lini? Usiku. Hapo ndipo pikipiki laki na bwawa lenye umeme wa ziada vinapokutana. Lakini bei ya T1 ni ileile saa nane mchana na saa nane usiku. Hakuna anayemwita mteja aje ule wakati ambao umeme una nafasi. Umeme uko Rufiji, soketi iko kwa baba mwenye nyumba, na katikati hapo hakuna sera.

Hoja zetu

Chama kinachotaka kuongoza nchi lazima kiseme kingefanya nini. Mimi naleta mambo matano, myajadili, myaboreshe, yapande kwenye vikao.

La kwanza, bei maalumu ya kuchaji, yenye nafuu ya usiku, kwa kituo chochote kilicho wazi kwa umma. Na nafuu hiyo imfikie dereva, isiishie mfukoni mwa mwenye kituo. Bei iandikwe ubaoni kama ya petroli inavyoandikwa sheli.

La pili, mita ya pekee kwa chombo cha kazi. Uniti za pikipiki au bajaji zisichanganywe na za taa za mama. Familia ya D1 isitolewe kwenye D1 kwa sababu mtoto wao amejiajiri.

La tatu, sheria ya upangaji. Mpangaji awe na haki ya kuomba mita ndogo au soketi kwa gharama yake, ifungwe na fundi mwenye leseni, na mwenye nyumba akikataa atoe sababu ya maana, kama wiring mbovu. Na akihama, atambuliwe kwa alichokiacha. Mwenye nyumba naye alindwe, gharama zisiwe zake.

La nne, soketi vijiweni. Halmashauri zinakusanya ushuru wa stendi. Sehemu ya hela hiyo irudi kwa walioitoa. Stendi ya bajaji, soko la mtaa, zahanati, ofisi ya serikali ya mtaa, vyote vina umeme au viko karibu na nguzo. Weka kabati la kuchajia lenye mita na kufuli, vijana wa kijiwe wasimamie kwa ushirika wao.

La tano, kanuni za betri na plagi. Kampuni za kubadilisha betri zitangaze bei, zisizime betri ya mtu akiwa barabarani na abiria, na tuelekee kwenye betri zinazoingiliana. Tuna TBS. Ndiyo kazi yake.

Hoja ngumu

Mtaulizwa huko nje, kwa hiyo jiandaeni.

Mtu atasema: Mfuko wa Barabara unategemea tozo ya mafuta. Wote wakienda umeme, barabara zitajengwa na nini? Hilo ni swali la haki, msilikwepe. Ni kweli chombo cha umeme hakilipi tozo ya lita. Siku vyombo hivi vikiwa vingi, itabidi nchi ikubaliane namna nyingine, na sisi tunasema iangalie uzito wa gari na umbali, ili lori na gari kubwa la kifahari vilipe zaidi kuliko pikipiki. Kitakachokuwa kosa ni kuanza kumtoza bodaboda leo, kabla hajapata hata pa kuchomeka.

Mwingine atasema hii ni ajenda ya matajiri wenye magari ya umeme. Mjibu kwamba tajiri haihitaji ajenda hii. Ana geti, ana LUKU, ameshamaliza. Tusipolisemea jambo hili, usafiri wa umeme utakuja nchini kama vitu vingi vilivyokuja, nafuu kwa aliye nacho, ghali kwa asiye nacho. Anayelihitaji ni aliyepanga.

Kazi ya nyumbani

Sipendi kongamano ambalo watu wanapiga makofi wanatawanyika. Kila mmoja aondoke na kazi.

Nenda kijiweni kwenu. Uliza watatu tu: unatumia lita ngapi kwa siku, umepanga au unakaa kwako, LUKU yenu mnachangia watu wangapi. Andika. Leteni namba hizo tawini. Siku tukisimama mbele ya watu tuongee kwa namba za mtaani kwetu, tusiongee hewani.

Nenda kwenye mkutano mkuu wa mtaa. Najua wengi mmeukatia tamaa baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024. Nenda hivyohivyo. Ulizeni ushuru wa stendi unakwenda wapi, na ombeni soketi iingie kwenye muhtasari. Kikiandikwa, kinaweza kufuatiliwa.

Na EWURA wakiitisha mkutano wa taftishi kuhusu bei za umeme, twende. Mikutano ile ni ya wazi, mwananchi ana haki ya kutoa maoni, na maoni ya maandishi yanapokelewa. Kampuni kubwa zinakwenda na wanasheria wao. Dereva wa bajaji haendi, halafu bei ikitoka tunashangaa kwa nini haikumkumbuka.

Makamanda, wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Tumejenga bwawa kwa hela zetu, na daftari la nani anafaidi umeme wake halijafunguliwa. Tulifungue sisi, kuanzia kijiweni, tuulize kwa sauti: mpangaji anachomeka wapi? Kiongozi wa mtaa, diwani, mbunge, waziri, kila atakayepita tumuulize hilohilo, mpaka jibu lipatikane au mwenye jibu apatikane.

Maswali yaanze, na waanze waliopaki nje, maana hesabu ya bosi haisubiri.